Karani wa Mvua

Ofisini mwake hakukuwa na kiti cha mgeni. Kulikuwa na gunia la ndengu zilizokataliwa, zile zilizotobolewa na wadudu, na ukimjia na shida ulikalia hilo gunia, uwe mpakiaji au uwe meneja. Siku yangu ya kwanza kazini, nikiwa na suti ya kijivu na digrii yangu ya usimamizi wa wafanyakazi ndani ya bahasha, alinitazama kutoka juu mpaka chini akasema, "Karibu, mwiitu. Kalia ndengu."

Mwiitu ni binti, kwa Kikamba chetu. Nikakalia ndengu. Nilitoka pale na vumbi kwenye sketi na hasira kifuani, nikaapa kwamba siku nitakayopata mamlaka, kitu cha kwanza nitakachonunua ni viti.

Sote tulimwita Karani. Kwenye karatasi alikuwa Afisa wa Wafanyakazi wa kampuni yetu ya kununua, kuchagua na kupakia ndengu pale Emali, kwenye godauni la mabati kati ya reli na barabara ya Mombasa. Jina lake nalijua vizuri, lakini hakupenda litajwe ovyo, na sasa si wakati wa kuanza kumkosea upya. Nilishamkosea vya kutosha. Kuna barua moja niliyoiandika akakataa kuitia sahihi, na kwa miaka kumi na miwili baada ya hapo, kila nilipopita njia ya Tawa, niliangalia upande mwingine ili nisione lango lake.

Alikuwa mtu wa kelele. Akiongea na simu ungedhani anamwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Kalamu ya ofisi aliifunga kwa kamba ya mkonge kwenye mguu wa meza, na penseli aliikata vipande viwili, kimoja chake, kimoja changu. Kompyuta aliyoletewa na mwenye kampuni aliifunika kwa kitambaa cha fuma alichofumiwa na mkewe, kisha juu ya kitambaa akaweka chupa ya chai. Nilipomwambia joto la chai litaiharibu, alijibu, "Imekaa hapa miezi minane haijalalamika. Wewe una wiki mbili tu unalalamika."

Kumwajiri mtu kwake haikuwa kazi ya vyeti. Mama akija kutafuta kazi ya kuchagua, alimpa sinia yenye ndengu zilizochanganyika na mawe, akamwambia achague huku wakipiga gumzo juu ya watoto na kanisa. Mimi nilidhani anaangalia kasi ya mikono. Kumbe anaangalia mawe yanaenda wapi. Aliyeyatupa sakafuni, wenzake wayakanyage, alishukuriwa kwa upole akarudi kwao. Aliyetafuta kopo la kuyatia alianza kazi Jumatatu. "Ndengu kila mtu atajifunza," aliniambia. "Hilo la mawe simfundishi mtu mzima."

Na akitaka supavaiza, hakutangaza nafasi ubaoni. Alipita meza kwa meza akiwauliza wachaguzi mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, maana kumbe sauti ya chini alikuwa nayo akiitaka: "Mtoto wako akiugua saa hii, ungemwambia nani kwanza hapa ndani?" Jina lililotajwa mara nyingi ndilo lililopewa meza. Hivyo ndivyo mama mmoja mpole, ambaye hakuwahi kupaza sauti, alivyopewa watu arobaini, na meza yake haikuwahi kuchelewesha lori. Miaka baadaye nilikaa siku tatu katika hoteli moja ya Machakos nikifundishwa uongozi wa kampuni kwa chati zenye mishale. Mafunzo yalikuwa mazuri, sitadanganya, na chakula kilikuwa kizuri zaidi. Lakini swali kama lile la Karani hakuna aliyeuliza.

Sasa usidhani namchora malaika. Wee! Alikuwa na upendeleo wake, na hakuuficha. Alihubiri kanisani juu ya ukweli, mzee wa kanisa mwenye Biblia iliyochakaa, halafu Jumatatu anaandika kwenye rejista kwamba mpakiaji fulani ni mgonjwa, na godauni zima linajua mpakiaji huyo amelewa tangu Jumamosi. Nilimuuliza, Karani, si huo ni uongo? Akavua miwani. "Ulimwona jana?" Nikasema nilimwona. "Alikuwa anaonekana mzima?" Akairudia rejista yake. Alikuwa akiwakemea waliochelewa kana kwamba wameiba, na yeye mwenyewe kila Jumatatu alifika saa tatu kasoro, viatu vikiwa na matope au vumbi la Tawa kulingana na msimu, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Ijumaa adhuhuri alifunga sehemu ya kupakia kwa saa nzima, kwa sababu ya madereva wawili waliotoka Garissa waliotaka kuswali. Wapakiaji wetu, Wakristo watupu, walizoea ile saa mpaka wakawa wanaiita "saa ya madereva", wakilala juu ya magunia. Kulipotokea meneja mpya aliyetaka kuiondoa, Karani alimwambia, "Ondoa. Halafu Ijumaa utafute mwingine wa kukupelekea mzigo Mombasa." Meneja akaiacha. Alikuwa mtu wa busara kunizidi mimi.

Lakini kilichomfanya Karani awe Karani ni daftari la mvua.

Lilikuwa kaunta buku kuukuu, jalada jekundu, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia. Ndani yake majina ya wafanyakazi hayakupangwa kwa idara wala kwa herufi. Yalipangwa kwa mahali mvua inapoangukia. Ukurasa wa Tawa. Ukurasa wa Mbumbuni. Ukurasa wa Zombe na wa Mutomo, kwa wale waliotoka upande wa Kitui. Yeyote anayezijua sehemu zetu anajua kwamba mvua ya vuli hainyeshi Ukambani. Inanyesha kwenye kijiji kimoja, inaruka kingine, inarudi baada ya wiki kama mtu aliyesahau mwavuli. Na ikishalowesha, una siku tatu za kupanda, nne ukiwa na bahati. Wapo wanaopanda kwenye vumbi kabla haijaja, lakini mchwa na kware wanakula mbegu nyingi, na ndengu hasa zinataka udongo uliolowa sawasawa. Tena siku hizo ndizo kila mtu anataka ng'ombe wa plau, na ng'ombe ni wale wale.

Kwa hiyo Oktoba ikikaribia mwisho, Karani alianza kupiga simu. Alikuwa na fundi wa kuchomelea pale Tawa, mwalimu wa kwaya Mbumbuni, mwenye duka Zombe. Swali lilikuwa moja, kwa ile sauti yake ya kuvuka mto: "Imelowesha mpaka wapi?" Na huko upande wa pili mtu alitoka nje, akachimba kidogo kwa jembe, akasukuma mkono ardhini. Unyevu ukiishia kwenye vidole, hakuna kitu. Ukifika kwenye kifundo cha mkono, Karani alisimama mlangoni mwa godauni akapaza sauti: "Watu wa Zombe, nyumbani! Siku tatu!" Wakatoka wale wa Zombe mbio mbio, na wa kurasa nyingine wakashika meza zao. Mvua ikifika kwao, wa Zombe wamesharudi na wao wanashika. Hakuna aliyeomba ruhusa. Hakuna aliyedanganya kwamba nyanya yake amekufa. Na hakuna aliyechelewa kurudi, kwa maana kuchelewa ni kumzuia mwenzako asiende kwake.

Yeye mwenyewe hakwenda. Jina lake halikuwa kwenye ukurasa wa Tawa. Mwaka baada ya mwaka mkewe alipanda peke yake, na zile Jumatatu alizochelewa, nilikuja kujua, alikuwa akijaribu kumfidia mama wa watu kwa palizi ya alfajiri.

Nikaja mimi na suti yangu.

Naomba nieleweke, sikuwa mjinga. Mimi ni mtoto wa Mbumbuni, nimelelewa na ndengu, nimevaa sare ya shule iliyotoka kwenye ndengu. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mwenye kampuni alikuwa ameniambia anataka idara ya kisasa, idara inayoeleweka hata na watu wa benki. Nikatazama, nikaona watu wanaondoka kazini kwa amri ya mvua, hakuna fomu, hakuna rekodi. Nikaona aibu. Nikaandika utaratibu mpya: likizo yote iombwe kwa fomu, siku kumi na nne kabla. Mwenye kampuni akaupenda. Karani akausoma mara mbili, akaukunja, akauweka chini ya chupa ya chai.

Mtu wa kwanza kuja na fomu alikuwa Mwende, mchaguzi wa Mbumbuni, mwenye mikono myepesi kuliko wote. Alikuwa akilea watoto watatu na mama yake mzazi, na ng'ombe wa plau aliazima kwa jirani. Alisimama mbele ya meza yangu ameishika ile fomu kwa ncha za vidole.

"Madam, hapa kwa tarehe nijaze nini? Mimi sijui itanyesha lini."

Na mimi, mtoto wa Mbumbuni, nikamjibu, "Kadiria."

Nimelisikia neno hilo mara nyingi tangu siku ile, nikioga, nikiendesha gari, nikiwa kanisani. Kadiria! Mwende alikadiria. Mvua ikaja siku tisa kabla ya tarehe yake. Jirani akamwambia ng'ombe watapatikana kesho tu. Alikuja ofisini kunitafuta, nilikuwa Nairobi kwenye mkutano. Akaenda. Wengine wa ukurasa wake walibaki kwa kuogopa, wakichagua ndengu za watu huku zao zikiwa bado kwenye kibuyu. Aliporudi baada ya siku tatu, nilikuwa nimeshaandika barua ya kumfukuza. Nilijiambia nisipokuwa imara mara ya kwanza, sitaheshimiwa tena.

Barua ilihitaji sahihi mbili. Nikampelekea Karani. Aliisoma akiwa amesimama.

"Hii siwezi, mwiitu."

"Karani, sheria ni sheria."

"Sijasema si sheria. Nimesema siwezi." Akainama, akaanza kuifungua kalamu kwenye kamba ya mkonge. Lile fundo lilikuwa la miaka mingi, lilimchukua muda, na mimi nikasimama hapo nikimtazama bila kumsaidia. Akaiweka kalamu juu ya barua. Akaweka na funguo. Alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Akachukua daftari lake jekundu na kile kitambaa cha fuma, akatoka kupitia sehemu ya wachaguzi, na wale akina mama wote wakaacha mikono ikae kwenye sinia. Nikatia sahihi zote mbili mimi mwenyewe, moja yangu, moja "kwa niaba".

Mvua ile ilikatika baada ya siku tano. Jioni moja mama yangu alinipigia simu. Hakunisalimu. "Nasikia ni wewe umemfukuza Mwende," alisema. "Aiya, mwanangu. Kwani wewe tulikusomesha kwa fomu?" Akakata.

Viti nilinunua. Sita, vyenye mito, na gunia la ndengu nikaliondoa. Watu walikuja wakakaa wima wakijibu "ndiyo madam", "hapana madam", wakaondoka na shida zao vile vile walivyoziingiza. Idara ikakua, ikapata jina refu la Kiingereza na mashine ya kusoma vidole mlangoni. Na kila Novemba nyanya za watu wakaanza kufa. Jamani, nyanya waliokufa katika kampuni yetu! Mmoja nilimzika mara tatu kwenye faili. Wachaguzi wazuri wakahamia kwingine, supavaiza niliowachagua kwa vyeti wakagombana na meza zao, na malori yakaanza kuchelewa.

Mwaka uliopita mwenye kampuni aliamua kupumzika, na bintiye akaniambia wanataka niwe meneja mkuu. Alikuwa na sharti moja. Nimwandikie mpango wa kuijenga upya idara ya wafanyakazi na viongozi wake, na nieleze kwa nini mtu hakai kwetu zaidi ya miaka miwili. Nilikaa na karatasi tupu siku nne. Sababu nilikuwa naijua, na nilijua pia kwamba siwezi kukalia kile kiti kikubwa kabla sijapita kwenye lango fulani la Tawa.

Nilienda Novemba, siku ya Jumatano, mawingu yamekaa chini. Usiku wa kuamkia siku hiyo ilikuwa imenyesha. Nilimkuta shambani, Karani wangu, suruali imekunjwa mpaka magotini, akipanda. Akipanda vibaya! Mistari ilikuwa imepinda kama njia ya mbuzi. Mkewe alikuwa nyuma yake na kibuyu cha mbegu, akimfokea.

"Wakya, mwaitu," nilimsalimu, nikimwita mama kwa heshima.

"Aa," aliitikia, kisha akanielekezea mumewe kwa kidevu. "Mwone huyu. Miaka yote amewapa watu mvua, na tangu arudi bado anajifunza kupanda. Amestaafu kazi, mvua hajastaafu. Asubuhi yote ni simu tu."

Karani alinyooka pole pole, mkono kiunoni. Nywele zimekuwa nyeupe kabisa. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, kama siku ile ya kwanza, na macho yakasimama kwenye viatu vyangu.

"Karibu, mwiitu. Ndengu za kukalia sina, nimezipanda."

Nilikuwa nimetunga maneno njiani, mazuri tu. Yote yalipotea. Nililia pale kwenye matope kama mtoto, nikamwambia, Karani, nilikosea, nilikosea, niombee, nisamehe. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Hakunigusa bega, hakuwa mtu wa hivyo.

"Mimi hukunifukuza," alisema. "Niliondoka na miguu yangu. Msamaha unaotafuta hauko Tawa."

Akaenda ukingoni mwa shamba, akatoa chini ya koti lililotundikwa hapo lile daftari jekundu. Nikalifungua. Majina mengi ya zamani yalikuwa yamepigwa mstari, waliokufa, waliohama. Lakini chini yake kulikuwa na majina mapya, kwa mwandiko wake ule ule: watu niliowaajiri mimi mwenyewe, vijana wa mwaka jana, wote kwenye kurasa zao. Kwenye ukurasa wa Mbumbuni jina la Mwende lilikuwa la kwanza, bila mstari.

"Hawa wapya umewajuaje?"

"Naambiwa," alisema. "Hebu chimba hapo. Tuone kama bado unajua kwenu."

Niliinama, nikasukuma mkono ardhini. Ulikuwa baridi, mzito, umelowa. Vidole, kiganja, kifundo cha mkono. Kisha nikachukua simu kwa mkono wa pili, nikapiga ofisini, nikamwambia karani kijana wa zamu, "Watu wa Tawa waende nyumbani. Siku tatu."

"Madam, wamejaza fomu?"

"Hawajajaza. Waachilie."

Karani alikuwa ameshatoa simu yake mwenyewe, ile ndogo ya vitufe, anaipiga kwa kidole kimoja. Ilipoitikiwa akapaza sauti, kuku wakakimbia: "Mbumbuni! Imelowesha mpaka wapi?"

Sauti ya mwanamke ilijibu, na nyuma yake mvua ikipiga mabati. "Mpaka kwa kifundo, Karani! Na bado inaendelea!"

Sauti hiyo niliijua kabla hajanipa simu. Mwalimu wa kwaya alishafariki, Karani alinieleza baadaye, na tangu Mwende apoteze kazi yeye ndiye aliyekuwa akimpimia mvua ya Mbumbuni na kumtajia watoto wa majirani walioandikwa kwetu. Alininyooshea simu. Nikaishika na mkono wenye matope.

"Mwende," nilisema. "Ni mimi."

Mvua ilizidi kule kwake, akapaza sauti.

"Wewe ndiye yule wa fomu?"

"Ndiye. Mwende, nimekuja..."

"Ngoja kwanza. Watu wetu wa Mbumbuni wako huko kwako ndani, na huku inanyesha, na ng'ombe wamepatikana. Waachilie. Halafu wewe uje tuongee, nitakuwa shambani."

Akakata. Nikampigia tena yule kijana wa ofisini, nikamsomea ukurasa wa Mbumbuni kutoka chini kwenda juu, jina kwa jina, nikimsikia akiyatafuta kwenye kompyuta na kujibu "yuko", "yuko", "yuko". Lilibaki la juu kabisa. Nikalitaja.

"Huyo simwoni, madam. Hayuko kwa sistimu."

"Najua," nilimwambia. "Mwandike."